Siti binti Saad na sahani nyeusi za mwaka 1928

Wapo watu wengi katika mwambao wetu huu wa kusini, kuanzia Likoni kushuka Diani na Msambweni hadi Vanga mpakani, ambao hawajapata kufika Fumba wala hawajui Fumba iko upande gani wa Unguja. Lakini watajie Siti binti Saad, na hata aliyezaliwa miaka mingi baada ya bibi huyu kufariki atakwambia kuwa alikuwa mwimbaji. Ukimwuliza amejuaje, aghalabu atakutajia babu au bibi, na nyuma ya babu au bibi huyo atakuwako mtu aliyekuwa na kinanda cha santuri.

Hilo si jambo dogo. Waimbaji waliomtangulia Siti walikuwa wengi na baadhi yao huenda walimshinda kwa sauti. Sauti zao zilikwisha siku walipofumba macho. Siti alibahatika kuishi katika zama ambapo sauti ya binadamu ilikwisha kupatiwa chombo cha kuihifadhia, na yeye ndiye aliyekuwa wa mwanzo miongoni mwa wanawake wa Afrika Mashariki kuimba kwa Kiswahili ndani ya chombo hicho.

Alizaliwa Fumba, kusini ya kisiwa cha Unguja, kiasi cha mwaka 1880. Baba yake alikuwa Mnyamwezi na mama yake Mzigua, watu waliofikishwa kisiwani na mkondo ule ule wa utumwa uliojaza mashamba ya karafuu. Jina alilopewa mtoto lilikuwa Mtumwa. Msomaji na alizingatie jina hilo, maana historia nzima ya bibi huyu ni safari ya kutoka katika jina la Mtumwa kwenda katika jina la Siti, ambalo kwa Kiarabu ni bibi mwenye hadhi yake.

Utumwa ulipofutwa Unguja mwaka 1897, binti huyu alikuwa amekwisha kuwa mwanamwali. Huku kwetu amri ya namna hiyo ilichelewa hadi mwaka 1907. Basi wakati santuri za Siti zilipoanza kuvuka bahari, katika vijiji vya Gazi, Msambweni na Shimoni walikuwako watu wazima, tena si wazee sana, waliokumbuka kuwa mali ya mtu. Nadhani waandishi wengi wa taarab wamelipita jambo hili haraka mno. Kwa watu kama hao, kuisikia sauti ya mtoto wa watumwa ikitoka katika sanduku la thamani, ndani ya ukumbi wa tajiri, na tajiri mwenyewe ameinamisha kichwa anasikiliza, haikuwa burudani tu.

Kazi aliyorithi kwa mama yake ilikuwa ufinyanzi. Alifinyanga vyungu na mitungi, akavibeba kichwani na kuvitembeza mpaka mjini, mwendo wa kilomita zipatazo 20, akinadi bidhaa yake njiani. Yasemekana wanunuzi waliijua sauti yake kabla hawajamwona mwenyewe, na kwamba kunadi vyungu ndiko kulikokomaza koo lake. Hakusoma skuli wala hakupata chuo. Kila alichokuja kukiimba baadaye, cha Kiswahili na cha Kiarabu, alikihifadhi kwa kusikia.

Mwaka 1911 alihamia mjini moja kwa moja. Huko alikutana na Ali Muhsin, mtu wa chama cha Ikhwani Safaa kilichoundwa mwaka 1905, naye akamfundisha kuimba na kufuata ala. Ieleweke kwamba taarab ya siku zile haikuwa ya watu wa kawaida. Ilikuwa imeingia Unguja kwa mlango wa kasri, katika enzi ya Sayyid Barghash aliyetawala toka 1870 hadi 1888, na ikaimbwa kwa Kiarabu mbele ya watu wa daraja. Mwanamke aliyetoka shamba hakuwa na nafasi humo.

Siti aliingia kwa kipaji, kisha akaigeuza. Alijikusanyia wapigaji waliokuwa mafundi wa kazi yao: Subeit bin Ambar, Buda bin Mwendo, Mbaruk Effandi na Maalim Shaaban. Waliimba kwa Sultani na kwa matajiri, nao walipokwisha walirudi Ng'ambo, mtaa wa watu wa chini, wakaimba nyumbani kwa Siti mwenyewe usiku baada ya usiku, na majirani wakajaa. Kiswahili kikawa ndiyo lugha ya taarab. Maneno yaliyokuwa yakisemwa barazani na kisimani yakapata vina na mizani.

Wivu haukukosekana. Washindani wake walimtungia nyimbo za kumsuta wakimkumbusha umaskini aliotoka nao shamba na kumcheka kwa kuwa hakujaaliwa sura nzuri. Siti alijibu kwa wimbo, na maana ya jibu lake ilikuwa kwamba sura si kipimo cha mtu, kipimo ni akili na matendo. Mimi kama mtunzi namsifu kwa kuwa alijizuia kurudisha tusi. Malumbano ya washairi wetu wa Pwani mara nyingi huanza kwa hekima yakaishia kwa matusi ya mama.

Sasa tufike Bombay. Kampuni ya Kiingereza ya Gramophone, ile yenye nembo ya mbwa ameinamia tarumbeta la kinanda, ilikuwa imekwisha kujenga biashara kubwa ya santuri katika Bara Hindi. Ikatambua kuwa mwambao wa Afrika Mashariki nao una wanunuzi, ila hauna sahani za lugha yake. Mnamo 1928 Siti na wenzake wakapanda meli wakaenda Bombay kuimba mbele ya mitambo. Bahati yao ilikuwa kwamba tangu mwaka 1925 kampuni kubwa zilikuwa zimeacha njia ya zamani ya kuimbia ndani ya pembe la bati, zikatumia maikrofoni na nguvu za umeme, kwa hiyo pumzi na mitetemo midogo ya sauti iliweza kunaswa. Laiti angekwenda miaka mitano nyuma, tungalipata kivuli chake tu.

(Ama huyo mbwa wa nembo, Waislamu wa mwambao walimvumilia. Najisi ya picha haiambukizi wimbo.)

Sahani zile si sawa na zile zilizokuja baadaye. Zilikandwa kwa lakiri, utomvu wa kidudu cha huko Bara Hindi, zikachanganywa na unga wa mawe. Zilikuwa nzito, ngumu, na zikianguka zilivunjika kama kigae. Zilizunguka mara 78 kwa dakika, na upande mmoja ulichukua dakika tatu na kidogo. Hapa ndipo ninapoona gharama ya bahati ile. Wimbo wa taarab barazani hauna haraka. Huanza kwa ala, mwimbaji akaingia, akarudia mshororo ambao wasikilizaji wameupenda, akatunzwa, akaurudia tena. Bombay hayo yote yalikatwa. Beti zikachaguliwa, marudio yakapunguzwa, watunzaji hawakuwako. Tunachokisikia leo ni Siti aliyebanwa na saa ya mzungu, na bado anatutoa machozi. Sijui angetufanya nini katika ukumbi wake wa Ng'ambo saa nane za usiku.

Sahani zilipofika zilinunuliwa kwa kasi ambayo kampuni yenyewe haikuitarajia. Safari za Bombay zikarudiwa, na kampuni za Columbia na Odeon nazo zikaingia kutafuta waimbaji wa Kiswahili. Ilipofika mwaka 1931 sahani zilizouzwa zilikuwa zikihesabiwa kwa makumi ya maelfu. Kisha mashaka ya uchumi yaliyoanza duniani mwaka 1929 yakaibana biashara hiyo.

Kwa watu wa Kwale chombo kile kilikuwa na fadhila moja kubwa: hakikuhitaji umeme. Kilitiwa ufunguo kwa mkono kama saa, kikawekwa sindano ya chuma, kikaimba. Sindano ilitakiwa kubadilishwa kila upande mmoja wa sahani, na aliyefanya ubahili akaitumia mara ishirini ndiye aliyeiharibu santuri yake mwenyewe. Kwa hiyo mahali ambapo mashua iliweza kutia nanga, santuri iliweza kufika. Na majahazi kati ya Unguja, Pemba, Wasini, Shimoni na Vanga hayakuwa jambo la kuulizwa. Mpaka uliochorwa na Waingereza na Wajerumani haukuwa na nguvu juu ya wimbo.

Kilichowavuta watu hakikuwa mapenzi peke yake, ingawa ya mapenzi yalikuwamo tele. Siti aliimba habari. Mfano maarufu ni wimbo wa Kijiti. Mwanamke mgeni kutoka Dar es Salaam aliuawa Unguja, na mtuhumiwa, ambaye ndiye Kijiti mwenyewe, akatoroka akavuka bara. Mahakama ya wakoloni ikawageukia wanawake waliokuja kutoa ushahidi, ikawafunga wao kwa kosa la pombe. Aliyeua yuko huru, waliosema wamo gerezani. Hakuna gazeti la siku zile lililoisema hukumu ile kwa uchungu kama alivyoisema Siti, tena aliisema kwa lugha ambayo muuza samaki aliielewa. Wanawake ambao hawakujua kusoma walijua kesi ile kwa kichwa, kutoka Unguja hadi huku.

Wako waliochukia. Wapo masheikh walioona kuwa sauti ya mwanamke haifai kusikika mbele ya wanaume wasio maharimu wake, na hoja hiyo ingaliko hadi leo na wenye elimu wanaijadili. Mwandishi wa safu hii hana cheo cha kutoa fatwa. Ninaloweza kulisema ni kwamba Siti mwenyewe alijulikana kwa stara na adabu, na waliomfahamu hawakumpakazia uchafu uliokuwa ukipakaziwa waimbaji wengine.

Mtu aliyetuandikia maisha yake ni Shaaban Robert, mzaliwa wa upande wa Tanga, jirani zetu wa ng'ambo ya mpaka wa Vanga. Alikutana na bibi huyu katika siku zake za mwisho, na Wasifu wa Siti binti Saad ukachapishwa kwanza katika jarida mwaka 1958. Ni kitabu kizuri, cha kwanza cha namna yake juu ya mwanamke wa kwetu. Hata hivyo, kwa maoni yangu, Shaaban aliandika kwa adabu ya mwalimu. Alimtaka Siti awe mfano wa subira na bidii, na akawa hivyo, lakini Siti yule wa kesi, wa umbea wa mtaani na wa kumcheka hakimu, huyo hakai sana katika kurasa zile. Anayemtaka huyo hana budi aisikilize santuri.

Bibi Siti alifariki tarehe 8 Julai 1950, katika kumi la mwisho la mwezi wa Ramadhani. Mwenyezi Mungu amrehemu.

Katika miaka yake minne ya mwisho, aliishi katika kisiwa hicho hicho mtoto mdogo wa Kiparsi aliyezaliwa Septemba 1946, Farrokh Bulsara. Yeye naye alivuka kwenda India, kusoma, na mwaka 1964 familia yake ikahamia Uingereza, ambako dunia ilimjua kwa jina la Freddie Mercury. Santuri yake na kundi la Queen ya mwaka 1975, A Night at the Opera, bado inanunuliwa na vijana ambao baba zao walikuwa hawajazaliwa. Siwalinganishi watu hawa wawili; walikuwa mbali kwa kila kitu. Lakini kisiwa kimoja kidogo kimetoa sauti mbili ambazo watu wanataka kuzisikia katika sahani, si kwa njia nyingine, na hilo linastahili kutajwa.

Maana kupenda sahani kumerudi. Huko Marekani mwaka 2022 sahani za plastiki ziliuzwa nyingi kuliko diski ndogo, jambo ambalo halikuwa limetokea tangu mwaka 1987. Wapenzi hao wanasema sahani humlazimisha mtu akae, aigeuze, asikilize upande mzima. Wazee wetu hawakuhitaji kuambiwa hivyo. Siti alirithiwa namna hiyo hiyo: Bi Kidude, aliyefariki Aprili 2013, aliendelea kuziimba nyimbo zake hadi uzeeni. Waandishi wanawake wa Tanzania nao waliliita gazeti lao Sauti ya Siti. Mwaka 2007 baadhi ya sahani za zama zile, za Siti zikiwamo, zilisafishwa mikwaruzo huko London zikatolewa upya katika diski.

Lakini si zote zilizopatikana. Nyimbo nyingine za safari zile za Bombay huenda zimebaki katika nakala moja au mbili, na hakuna ajuaye kama nakala hizo zimo katika sanduku la marehemu bibi yako huko Mwabungo, Gazi au Majoreni. Mwenye nazo asizilaze kifudifudi moja juu ya nyingine, bali azisimamishe wima, mbali na jua na chumvi ya bahari. Asizipangushe kwa spiriti, kwa kuwa spiriti huyeyusha lakiri. Na asizijaribu katika mashine ya sahani za plastiki bila kubadilisha sindano, kwani mfereji wa sahani za 78 ni mpana zaidi. Sindano nyembamba itazama chini kabisa kwenye vumbi, na atakachosikia ni mchakacho, Siti akiwa juu yake hajaguswa.