Chemirocha: Mfanyakazi wa reli kutoka Mississippi aliyegeuzwa swara Bonde la Ufa

RELI ilifika Eldoret mwaka 1924. Mji huo, ambao ulipandishwa hadhi kuwa jiji Agosti 2024, wakati huo ulikuwa kituo kidogo cha walowezi kilichoota juu ya shamba nambari 64. Walowezi walizoea kuutaja kwa nambari hiyo kwa Kiingereza, nao wenyeji wakalisikia neno hilo kwa masikio yao na kulitamka kwa ndimi zao. Hivyo ndivyo Eldoret ilivyopata jina la Sisibo, ambalo wazee wengi wanalikumbuka hadi leo.

Mwaka huo huo wa 1924, upande wa pili wa dunia, mfanyakazi mmoja wa reli katika jimbo la Mississippi, Marekani, aliambiwa na daktari kwamba anaugua kifua kikuu. Kazi yake ilikuwa kufunga breki za mabehewa ya mizigo. Jina lake lilikuwa Jimmie Rodgers, na kwa mapafu yale kazi hiyo hangeiweza tena.

Rodgers hakuwahi kukanyaga ardhi ya Afrika. Hata hivyo, jina lake lilifika Bonde la Ufa, likapita katika mkondo ule ule uliozaa Sisibo, na likatokea upande wa pili likiwa Chemirocha. Miaka 17 baada ya kifo chake, wasichana wa Kipsigis walikuwa wakimwimba kama kiumbe wa msituni, nusu mtu na nusu swara.

James Charles Rodgers alizaliwa Septemba 8, 1897, na kulelewa ndani na kandokando ya mji wa reli wa Meridian. Mamaye alifariki angali mtoto mdogo. Babaye, Aaron, alikuwa msimamizi wa vibarua wa kukarabati reli, na mvulana huyo akakua akizunguka kwa jamaa na katika kambi za wafanyakazi. Shule haikumshika. Alipofika umri wa miaka 13 hivi alikuwa ameshatoroka nyumbani kufuata maonyesho ya kuzungukazunguka, na babaye akalazimika kumrudisha na kumtafutia kazi relini.

Kazi yake ya kwanza ilikuwa kuwapelekea vibarua maji ya kunywa, na wengi wao walikuwa Wamarekani weusi. Waliimba huku wakisukuma vyuma vya reli, wimbo ukipanga mapigo ya nyundo na kuipunguza kidogo adha ya jua. Wakati wa mapumziko walipiga banjo na gitaa. Kijana huyo mweupe, mwenye ndoo mkononi, akasikiliza. Karibu kila alichokuja kuwa kilianzia pale: umbo la wimbo wa bluzi, ubeti wenye kurudia mstari wa kwanza, na tabia ya kuifanya shida kuwa mzaha. Majina ya walimu wake hao hayakuandikwa popote.

Aliyoongeza yeye ni yodeli, ule uimbaji wa kuivunja sauti ghafla kutoka kifuani na kuirusha juu kooni. Mtindo huo ulikuwa umeshapigwa na wengi katika kumbi za maonyesho kabla yake. Yeye aliuchukua akauweka mwishoni mwa ubeti wa bluzi, mahali ambapo maneno yanakwisha na machungu hayajakwisha.

Baada ya kuugua alihangaika. Alikuwa na mke, Carrie, na binti mdogo, na tayari walikuwa wamemzika mtoto mwingine akiwa angali mchanga. Mwaka 1927 alikuwa akipiga muziki katika redio ya mji wa Asheville, North Carolina, pamoja na kikundi cha vijana, aliposikia kwamba Ralph Peer wa kampuni ya Victor anarekodi wanamuziki katika mji wa Bristol, ulio mpakani mwa Tennessee na Virginia. Walipofika huko walizozana kuhusu jina litakaloandikwa kwenye santuri, kikundi kikavunjika, na Rodgers akaingia peke yake na gitaa lake. Ilikuwa Agosti 4, 1927. Alirekodi nyimbo mbili.

Novemba 30 mwaka huo, katika mji wa Camden, New Jersey, alirekodi wimbo wa bluzi wenye yodeli uliouzwa kwa mamia ya maelfu ya nakala. Aliyekuwa hana nauli sasa alikuwa na magari, na mwaka 1929 akajijengea jumba la kifahari Kerrville, Texas, ambako hewa kavu ilidhaniwa kuwafaa wagonjwa wa mapafu. Katika muda usiotimia miaka sita alirekodi nyimbo zipatazo 110. Kikohozi hakikumwacha.

Kati ya nyimbo hizo, moja inastahili kusikilizwa kwa makini na kila anayejiuliza wanamuziki hurithi vipi. Julai 16, 1930, mjini Hollywood, Rodgers alirekodi wimbo wa tisa katika mfululizo wake wa bluzi za yodeli. Tarumbeta ilipigwa na Louis Armstrong, na piano ikapigwa na mkewe Armstrong, Lil Hardin. Armstrong tayari alikuwa ameshabadilisha jazi kwa santuri alizorekodi Chicago kuanzia mwaka 1925. Rodgers, kwa upande wake, hakujua kuhesabu. Aliongeza pigo mahali na kupunguza pengine, kadiri pumzi na maneno yalivyomruhusu, na wanamuziki wa studio walimlalamikia. Armstrong anamfuata taratibu, akiijaza kila nafasi mwimbaji anayoiacha, na ukimsikiliza huwezi kusema nani mgeni na nani mwenyeji ndani ya wimbo huo.

Santuri ilipotoka, jina la Armstrong halikuwamo, wala la Lil Hardin. Mgala muue na haki yake umpe, walisema wahenga. Hapa haki hiyo ilichelewa. Ni Oktoba 1970, miezi michache kabla ya kifo chake, ambapo Armstrong aliketi na Johnny Cash katika kipindi cha televisheni na kuurudia wimbo ule, taifa zima likajua tarumbeta ile ilikuwa ya nani.

Mkopo huo ulikwenda pande zote mbili. Chester Burnett, mwimbaji mweusi wa Mississippi aliyejulikana kama Howlin' Wolf, alijaribu kuiga yodeli ya Rodgers ikamshinda, akaishia na ule mlio wa mbwa mwitu. Kilichokuwa kimetoka kwa vibarua weusi wa reli kikawarudia wana wao kimevaa yodeli, nao wakakigeuza tena. Huko Afrika Kusini nako, wapiga gitaa wa mwanzoni mwa miaka ya 1930 walirekodi yodeli kwa lugha zao.

Mei 1933 Rodgers alisafiri hadi New York kurekodi kwa mara ya mwisho, akitafuta fedha za kuiachia familia. Hakuweza kusimama muda mrefu. Kitanda kiliwekwa karibu na studio, na baada ya kila wimbo alilazwa apumzike. Alimaliza Mei 24. Siku mbili baadaye, Mei 26, alifariki katika hoteli ya Taft, akiwa na umri wa miaka 35. Mwili wake ulirudishwa Meridian kwa garimoshi.

Santuri zake hazikufa naye. Zilitolewa Uingereza, Australia na India, na katika makoloni gramafoni zilikuwa mikononi mwa walowezi, wamishonari na watu wengine wenye uwezo. Katika nchi ya Wakipsigis, mashine hiyo ilikuwa ajabu tosha: sauti ya mtu ikitoka sandukuni na mtu mwenyewe haonekani. Sauti ya Rodgers ilizidisha ajabu hiyo. Haikueleweka maneno yake, na mara kwa mara iliruka juu, ikavunjika na kurudi chini, kama kitu kinachorukaruka nyasini.

Mwaka 1950 Hugh Tracey, Mwingereza aliyetumia maisha yake kurekodi muziki wa Afrika, alifika Kapkatet, katika wilaya ya Kericho ya wakati huo. Alirekodi nyimbo tatu zenye jina la Chemirocha. Mbili ziliimbwa na wanaume. Neno hilo lilikuwa limeshaenea hata likatumika kwa jambo lolote jipya au geni. Wimbo wa tatu uliimbwa na Chemutoi Ketienya akiwa na wasichana wenzake, wakisindikizwa na chepkong'o, chombo cha nyuzi kilicho na undugu na litungu la Wabukusu na nyatiti ya Wajaluo.

Tracey alieleza kwamba katika wimbo huo Chemirocha ni mwimbaji na mcheza ngoma wa ajabu, sehemu mtu na sehemu swara, na wasichana wanamwalika aje aruke na kucheza nao. Sauti zao ni laini, zinapishana bila haraka, na chepkong'o linazunguka chini yao kama maji. Anayetafuta yodeli ndani yake hataipata. Hakuna gitaa wala bluzi. Wimbo ni wa Kikipsigis toka mwanzo hadi mwisho, na kilichobaki cha Rodgers ni jina na kule kuruka.

Je, huko ni kuathiriwa na mtu au ni kumsahau? Swali kama hilo lilitikisa jazi miaka kumi baadaye. Desemba 1960, Ornette Coleman aliwakusanya wanamuziki wanane, yeye akiwa mmoja wao, mjini New York, wakapiga pamoja kwa zaidi ya nusu saa bila kufuata mpangilio wa kawaida wa sauti, na rekodi hiyo ikaupa mtindo mzima jina la jazi huru. Wapo waliomshutumu kwa kuwatupa wazee. Lakini Coleman alikuwa amejifunza saksafoni Texas kwa kumwiga Charlie Parker, na bluzi ya nyumbani haikutoka katika mlio wake hata siku moja. Albert Ayler, aliyesikika kuwa mkali kuliko wote, alijaza muziki wake nyimbo za kanisani na miondoko ya bendi za matarumbeta, zinazokumbusha maandamano ya mitaani ya New Orleans ambako Armstrong alikulia. Armstrong mwenyewe, itajwe kwa haki, hakuipenda jazi ya kisasa hata kabla ya Coleman, wala hakuficha. Wazee wa sanaa mara nyingi ndio wa mwisho kujitambua katika nyuso za wajukuu.

Tofauti ni kwamba Coleman na Ayler walijua wanaondoka wapi. Wasichana wa Kapkatet hawakuwa na deni la kulipa wala mwalimu wa kumuasi. Walisikia sauti moja, wakaipenda, wakaitafutia mahali pa kuishi miongoni mwao. Kwa kipimo hicho walikuwa huru kuliko wanamuziki wa New York. Na walimtendea Rodgers kama yeye alivyowatendea vibarua wa reli, isipokuwa kwa jambo moja: wao jina la waliyemchukulia walilihifadhi.

Rodgers alipewa heshima nyingi baada ya kufa. Mwaka 1961 alikuwa miongoni mwa watatu wa kwanza kuingizwa katika jumba la kumbukumbu la muziki wa kantri nchini Marekani, na mwaka 1986 jumba la muziki wa roki likamtambua kama mmoja wa waliotangulia kuwaathiri wengine. Rekodi za Tracey zilihifadhiwa Afrika Kusini, katika maktaba ya kimataifa ya muziki wa Afrika aliyoianzisha mwaka 1954, na kwa miongo mingi zilijulikana zaidi kwa wasomi na wapenzi wa muziki wa ng'ambo kuliko Kericho kwenyewe.

Katikati ya miaka ya 2010, maktaba hiyo ikishirikiana na mradi wa Singing Wells na studio ya Ketebul Music ya Nairobi, ilizirudisha rekodi hizo Kapkatet. Safari hii hapakuwa na santuri wala gramafoni. Nyimbo zilipelekwa zikiwa katika diski ndogo, na waliokuja kusikiliza wengi walikuwa hawajazaliwa ziliporekodiwa. Alikuwapo pia mzee wa miaka zaidi ya 80 aliyekuwa kijana miongoni mwa waimbaji wa mwaka 1950, na kwa mara ya kwanza katika miaka 65 akazisikia sauti za rika lake.

Jina la Chemutoi Ketienya limeandikwa kwenye rekodi ile. Wenzake wametajwa tu kama wasichana wa Kipsigis.