Moraa, mganga aliyewahimiza vijana wa Kitutu

Abagusii wa Kisii na Nyamira hawakuwa na mfalme. Heshima ilitokana na umri, mifugo na kazi ya mtu: mhunzi, mpiganaji, mganga, mwaguzi. Moraa Ngiti, mwanamke wa Kitutu, alikuwa mganga na mwaguzi.

Waingereza walivamia eneo hilo mwaka 1905 na kutwaa mifugo. Moraa akawahimiza vijana kupigana. Januari 1908, jamaa yake, Otenyo Nyamaterere, alimchoma mkuki mtawala Geoffrey Northcote. Wanajeshi walilipiza kisasi kwa kuteketeza nyumba, kuua watu na kuteka ng'ombe. Otenyo naye akauawa.

Northcote alipona, na mwaka 1937 akawa gavana wa Hong Kong. Moraa hakupewa cheo chochote, lakini Abagusii wangali wanamkumbuka.