Emmy Noether: Mwanamama aliyefundisha bure na kutupa sababu ya nishati kutopotea

Wadau, leo tuweke siasa pembeni kidogo.

Kila aliyepita sekondari amekaririshwa kwamba nishati haiumbwi wala haipotei, inabadilika sura tu. Unaijaza kwenye mtihani, unapata maksi zako, unasahau. Mimi nilikariri hivyo hivyo na hakuna aliyetuambia KWA NINI iko hivyo. Kumbe sababu ipo, ilichapishwa mwaka 1918, na aliyeiandika ni mwanamama wa Kijerumani ambaye wakati huo chuo chake kilikuwa hakimlipi hata senti.

Anaitwa Emmy Noether. Alizaliwa tarehe 23 Machi 1882 katika mji wa Erlangen, Ujerumani, familia ya Kiyahudi. Baba yake, Max Noether, alikuwa profesa wa hesabu pale pale mjini. Binti akasomea ualimu wa Kiingereza na Kifaransa, akafaulu mwaka 1900. Angeweza kuishia hapo, shule za wasichana zilikuwepo na kazi ilikuwepo. Yeye akataka hesabu.

Sasa shida ikaanza. Baraza la chuo cha Erlangen lilikuwa limeshatamka mwaka 1898 kwamba kuwachanganya wanawake darasani kutavuruga utaratibu wote wa chuo. Akaruhusiwa kukaa na kusikiliza tu, tena kwa ridhaa ya kila mwalimu. Wanafunzi walikuwa 986, wanawake wawili. Sheria ilipolegezwa mwaka 1904 akajiandikisha rasmi, na mwaka 1907 akawa daktari wa hesabu. Halafu? Miaka saba hivi akafanya kazi pale Erlangen bila mshahara, na baba alipougua alishika vipindi vyake.

Mwaka 1915 wakubwa wawili wa hesabu, David Hilbert na Felix Klein, wakamwita Göttingen. Hawakumwita kwa huruma, walikuwa wamekwama. Nadharia mpya ya Einstein kuhusu mvutano ilikuwa inawachanganya: ukiitazama vizuri, ile sheria ya nishati kutopotea haikukaa sawa ndani yake. Dada akaingia kazini, akatoka na jibu kubwa kuliko swali lenyewe.

Najua muda wako hapo kafe unahesabiwa, ila hapa usiruke. Tuseme mvutano wa dunia ungekuwa dhaifu asubuhi na mkali jioni. Asubuhi unapandisha ndoo ya lita 20 hadi ghorofa ya tatu, nyepesi kabisa. Jioni imekuwa nzito, unaiachia ishuke na kamba huku inazungusha dainamo. Umeme unaoupata ni mwingi kuliko nguvu uliyotumia asubuhi! Kesho unarudia, keshokutwa unarudia, LUKU unaisahau. Umezaa nishati kutoka hewani.

Kwa nini haiwezekani? Kwa sababu kanuni ya mvutano ya asubuhi ndiyo ya jioni, na ndiyo ya mwaka jana. Noether alithibitisha kwa hesabu kwamba hayo mawili yamefungwa pamoja: kanuni zisipobadilika kwa kupita muda, lazima kuwe na kitu kisichopotea, na kitu hicho ndicho tunachokiita nishati. Kwa hiyo ukiletewa barua pepe ya jamaa anayeuza jenereta isiyotumia mafuta, mwulize kanuni za maumbile zilibadilika saa ngapi.

Na haikuishia kwenye muda. Kanuni hazibadiliki ukihama kutoka hapa kwenda pale, na hapo ndipo inatoka hifadhi ya momentamu, ile unayoiona gololi moja ikigonga nyingine na kuikabidhi mwendo wake. Kanuni hazijali umegeukia upande gani, na hapo inatoka hifadhi ya mzunguko. Kama umekalia kiti cha kuzunguka, nyoosha mikono, jizungushe, halafu ikunje kifuani: unaona kasi inavyopanda? (Wenye viti vya plastiki, poleni.) Ulinganifu wa namna hii, kila unapoweza kuugeuza kidogo kidogo bila kikomo, una kitu chake kisichopotea. Kuhusu Einstein, alionyesha ni kwa nini nishati kwenye nadharia ile ina tabia yake ya pekee.

Kazi hiyo iliwasilishwa Julai 1918 kwenye chama cha sayansi cha Göttingen. Aliyeiwasilisha ni Klein, maana mwenye kazi hakuwa mwanachama. Madarasa yake nayo yalitangazwa kwa jina la Hilbert, yeye akiandikwa msaidizi. Baadhi ya maprofesa walikataa katakata mwanamke kupewa kibali cha kufundisha. Hilbert alipigana kweli, akashindwa. Kibali kilitoka mwaka 1919, baada ya vita na mapinduzi. Mwaka 1922 akapewa cheo cha profesa, bila mshahara (jamani!), na malipo madogo yakaanza mwaka 1923.

Mimi kinachoniuma zaidi ni kilichofuata. Miaka ya 20 alijenga upya aljebra, vijana wakaja kutoka nchi za mbali kumsikiliza, na mwaka 1932 alihutubia mkutano mkuu wa dunia wa wanahesabu, Zürich. Miezi michache baadaye, Aprili 1933, serikali ya Hitler ikamfukuza kazi kwa kuwa ni Myahudi. Akaendelea kufundishia nyumbani kwake. Mwanafunzi mmoja alikuja na sare za Wanazi, naye akamfundisha kama wengine.

Mwishoni mwa 1933 akahamia Marekani, chuo cha wanawake cha Bryn Mawr, Pennsylvania. Hakukaa sana. Alifariki tarehe 14 Aprili 1935, siku chache baada ya upasuaji wa uvimbe, akiwa na miaka 53. Mdogo wake Fritz, mwanahesabu pia, alikimbilia Urusi ya Stalin na huko akauawa mwaka 1941.

Majivu ya Emmy yamezikwa pale pale Bryn Mawr, kwenye ua wa maktaba ya zamani. Ile makala ya 1918 ina kurasa 23 tu, na tafsiri yake ya Kiingereza inapatikana bure mtandaoni. Hesabu zake ni nzito, nawaonya mapema.