Kapiteni Joubert: mlinzi wa boma la Mpala aliyebaki Tanganyika mpaka kifo

Boti zinazotoka bandari ya Kalundu, hapa Uvira, kuelekea kusini zinapita Baraka na Ubwari, zinafika Kalemie, na mbele yake, kabla ya Moba, kuna Mpala, penye mdomo wa mto Lufuko. Zamani za biashara ya watumwa palikuwa na boma, na mtu aliyelilinda ni Kapiteni Joubert.

Léopold Louis Joubert alizaliwa 1842 huko Saint-Herblon, Ufaransa. Akiwa kijana wa miaka 18 aliingia jeshi la Zouave, watu wa kujitolea waliolinda nchi ya Papa. 1870 jeshi la Italia likachukua Roma, na kazi ile ikaisha. Miaka kumi baadaye Lavigerie, mwanzilishi wa Mababa Weupe, alikuwa anatafuta askari wa zamani wa kusindikiza mapadri wake mpaka Tanganyika. Joubert akakubali.

Hatari ilikuwa ya kweli. Mei 1881, huko Rumonge, ng'ambo ya ziwa, mapadri wawili na msaidizi wao waliuawa, ugomvi ukiwa juu ya mtoto aliyekombolewa na misheni. Upande wetu huu, Joubert aliwekwa Mulweba, kwa Wamasanze, katika teritwari ya leo ya Fizi. Pale akaanza kufundisha vijana wa misheni kutumia bunduki.

Wakaaji wa vijiji vya misheni walikuwa nani? Wengi walikuwa watoto na watu wazima walionunuliwa kutoka mikono ya wafanyabiashara wa watumwa, pamoja na familia zilizokimbia vita. Hawakuwa na ukoo wa karibu wa kuwatetea. Nje ya boma, mtu angeweza kukamatwa tena na kuuzwa mara ya pili.

Boma la Mpala lilijengwa 1883 na Mbelgiji Emile Storms, ambaye watu walimwita Bwana Boma. Storms hakuacha jina zuri kwa wote: Desemba 1884 watu wake walimuua chifu Lusinga, na fuvu lake likapelekwa Ubelgiji. 1885 Mfalme Leopold II akawaachia Mababa Weupe boma lile. Joubert alifika pale Machi 1887, na baadaye akahamia Mrumbi, si mbali na Mpala. 1888 alifunga ndoa na Agnes, binti Mwafrika wa misheni. Tangu hapo haikuwa tena kazi ya mgeni anayehesabu miaka ya kurudi kwao.

Miaka iliyofuata ilikuwa migumu. Rumaliza, mfanyabiashara mkubwa wa Ujiji ambaye watu wake walifika mpaka Uvira, alikuwa na nguvu kwenye ziwa lote. Vita vya Abushiri kule pwani, 1888 na 1889, vilivuruga njia za misafara, basi baruti ikawa haba. Joubert alikuwa Mzungu mmoja mwenye silaha. Waliosimama naye kwenye kuta na porini walikuwa vijana wa hapa hapa. Jina la kapiteni limebaki, ya kwao mengi hayakuandikwa.

Msaada ulifika Oktoba 1891, wakati kapiteni Jacques alipoleta askari wa chama cha Ubelgiji cha kupinga utumwa. Desemba hiyo Jacques akaanzisha Albertville, Kalemie ya leo. Mwanzo wa 1894 majeshi ya Dola Huru ya Kongo yakamshinda Rumaliza, naye akakimbia kuvuka ziwa.

Lakini ulinzi ule ulikuwa na bei yake. Aliyekombolewa aliishi chini ya sheria ya misheni: kazi, sala na hukumu vilitoka kwa mapadri na kwa Joubert mwenyewe. Na Dola iliyomfukuza Rumaliza ndiyo iliyokuja kuwatesa watu juu ya mpira na pembe za ndovu.

Joubert alifariki 27 Mei 1927, karibu na Moba, akiwa na miaka 85. Kwa watu wa pwani hii, ambao mpaka leo wanajua kukimbia na watoto mgongoni, historia yake inaacha maswali mawili: nani anakulinda, na baada ya hatari kupita, atakuacha uwe huru?