El Ouafi: bingwa aliyeadhibiwa kwa kulipwa

Mwezi uliopita nilikwenda kutazama mbio za barabarani hapa Mombasa. Kijana mmoja wa mtaani kwetu, ambaye mazoea yake ni mbio za masafa ya kati, alimaliza wa kwanza. Akapewa fulana, chupa ya maji na mkono wa pongezi. Aliponiomba nauli ya kurudi nyumbani, nilimpa, lakini nikamwambia ashukuru kwani jina lake sasa linajulikana. Usiku ule maneno yangu yalinirudia, nikamkumbuka Boughera El Ouafi.

El Ouafi alizaliwa mwaka 1898 huko Ouled Djellal, karibu na Biskra, kwenye ukingo wa Sahara nchini Algeria. Nchi ilikuwa mikononi mwa Wafaransa, naye, kama Waislamu wengi wa zama zake, aliingia katika jeshi lao. Mwaka 1924 alishiriki Olimpiki ya Paris, akamaliza wa 7 katika marathoni. Baadaye akawa mfanyakazi wa kiwanda cha magari cha Renault kule Billancourt. Alifanya kazi kiwandani, na mazoezi akayatafutia wakati wake.

Tarehe 5 Agosti 1928, mjini Amsterdam, alikimbia kwa hesabu. Hakuwa na pupa. Aliwaacha wengine wagombee uongozi, akiwemo Joie Ray wa Marekani, mtu aliyejulikana zaidi kwa mbio za maili moja. Mwishoni akawapita wote. Alitumia saa 2, dakika 32 na sekunde 57, akimtangulia Manuel Plaza wa Chile kwa sekunde 26. Dhahabu ikaandikwa ya Ufaransa.

Baada ya ushindi huo alialikwa Marekani kukimbia kwa malipo. Alishindana na Joie Ray ndani ya ukumbi wa Madison Square Garden, New York, watazamaji wakiwa wamekata tiketi. Hapo ndipo balaa ilipoanza. Michezo ya Olimpiki wakati ule ilikuwa ya wanariadha wa ridhaa tu, na mwenye kupokea pesa alihesabika amevunja sheria. Wakubwa wa riadha wa Ufaransa wakamfungia. Akiwa na umri wa miaka 30 tu, mashindano makubwa yakawa yamekwisha kwake.

Sheria ile ilimfaa mwenye mali, anayeweza kukimbia bure na bado akala. El Ouafi alikuwa mtu wa kiwandani. Aliyeuza tiketi alipata faida kihalali, lakini mwenye miguu iliyowaleta watu akaambiwa pesa ile ni kosa.

Alichopata alikitia katika mkahawa mjini Paris. Biashara haikudumu, na jina lake likasahaulika. Ilipofika 1956, Alain Mimoun, naye mzaliwa wa Algeria, akashinda marathoni ya Melbourne kwa bendera ya Ufaransa. Ndipo watu wakakumbuka kwamba kulikuwa na mwingine kabla yake, miaka 28 nyuma. El Ouafi akaalikwa Ikulu na Rais René Coty. Heshima ilikuja, lakini ilimkuta mtu mzima na fakiri.

Tarehe 18 Oktoba 1959, vita vya ukombozi wa Algeria vikiwa vimepamba moto, aliuawa kwa risasi huko Saint-Denis. Sababu ya kuuawa kwake imebishaniwa tangu siku hiyo. Alizikwa katika makaburi ya Waislamu ya Bobigny. Mwenyezi Mungu amrehemu.

Siku hizi hakuna mwanariadha anayefungiwa kwa kulipwa. Lakini sisi tumebuni njia nyingine: tunampigia makofi, tunapiga naye picha, kisha tunamwachia aende nyumbani kwa miguu. Na dini yetu imetufunza kwamba mwenye kufanya kazi alipwe kabla jasho lake halijakauka.

Juzi baada ya Isha nilikwenda kwao yule kijana nikamtaka radhi kwa maneno yangu. Na kwa wanaoandaa mbio hapa Pwani nina ombi moja: tangazeni zawadi kabla ya siku ya mbio, na mtoe papo hapo. Kama hakuna zawadi, semeni hivyo mapema, ili kijana na wazazi wake waamue wakijua.