Mwalimu Nyerere: Maji yaliwasha taa, jiko likabaki la mkaa

WAKAZI wa Kunduchi wamezungukwa na umeme kuliko Watanzania wengi. Salasala ulijengwa mtambo wa IPTL wa megawati 100, ulioanza kuzalisha mwaka 2002 kwa mafuta mazito. Tegeta ukafuata wa gesi asilia wa megawati 45. Na Ras Kiromoni, kaskazini kidogo, ndipo inapozama baharini kebo ya kwenda Ras Fumba, Unguja, iliyolazwa mara ya kwanza mwaka 1980. Lakini kandokando ya Barabara ya Bagamoyo, chini ya nyaya hizo hizo, biashara isiyokosa wateja ni ya mkaa. Mwenye uwezo hununua gunia, asiye nao hununua kopo.

Mambo hayo mawili, umeme mwingi juu na mkaa mwingi chini, yana historia moja, na sehemu yake kubwa imo katika maisha ya Baba wa Taifa, hayati Mwalimu Julius Kambarage Nyerere. Mwalimu anakumbukwa kwa uhuru, Ujamaa na ukombozi wa Kusini mwa Afrika. Mara chache anatajwa kama kiongozi aliyeelekeza fedha za umma na mikopo nafuu kwenye umeme wa maji, miongo kadhaa kabla ya maneno nishati jadidifu kuzoeleka masikioni.

Alizaliwa Aprili 1922 Butiama, mtoto wa Chifu Nyerere Burito wa Wazanaki na mama Mugaya. Alianza shule Mwisenge, Musoma, akiwa na umri wa miaka 12, akaenda Tabora, kisha Makerere. Mwaka 1949 alikwenda Chuo Kikuu cha Edinburgh, Uskoti, ambako masomo yake yalihusu historia na uchumi. Alimaliza mwaka 1952.

Hapa inafaa kusimama kidogo, kwa sababu Uingereza ya miaka ile iliishi kwa makaa ya mawe. Treni, viwanda, mitambo ya umeme na hata meko ya sebuleni vyote vilikula makaa. Edinburgh yenyewe ina jina la utani la zamani linalotokana na moshi. Serikali ilikuwa imetaifisha migodi ya makaa mwaka 1947 na umeme mwaka 1948. Lakini katika milima ya kaskazini mwa Uskoti kulikuwa na mpango wa aina nyingine. Sheria ya mwaka 1943 ilikuwa imeunda Bodi ya Umeme wa Maji ya Kaskazini mwa Uskoti, yenye makao yake makuu papo hapo Edinburgh. Bodi ilikopa kwa dhamana ya Hazina, ikajenga mabwawa, ikauza umeme katika miji ya kusini, na faida ikalipia nguzo za kwenda kwa wakulima wadogo na wavuvi wa pembezoni. Kampuni binafsi zisingefika huko, kwa kuwa hesabu zake zisingelipa. Bwawa la Sloy, moja ya miradi ya mwanzo ya Bodi hiyo, lilizinduliwa mwaka 1950, Nyerere akiwa bado mwanafunzi.

Kwa lugha ya uchumi, ule ulikuwa ruzuku mtambuka: mjini analipa kidogo zaidi ili shambani wafikiwe. Umeme wa maji ulipewa nafasi katika nchi ya makaa ya mawe kwa sababu sheria ilimbebesha mzalishaji wajibu wa kumfikia mtu wa mwisho.

Yaliyofuata yanajulikana: ualimu Pugu, uongozi wa TAA mwaka 1953, kuzaliwa kwa TANU Julai 7, 1954, uhuru mwaka 1961 na urais Desemba 1962.

Nchi aliyoikabidhiwa ilikuwa na umeme wa kuhesabika. Kituo cha maporomoko ya Pangani, cha mwaka 1936, kilijengwa wakati mkonge ndio mfalme wa Tanga. Miji mingi ya bara iliyokuwa na taa ilitegemea jenereta za dizeli. Kuanzia mwaka 1964 Serikali ilinunua hisa za kampuni za umeme hatua kwa hatua, hadi TANESCO ikawa mali ya umma kikamilifu mwaka 1975. Mwaka huo wa 1964 kituo cha Hale, megawati 21, kilianza kazi katika mto huo huo wa Pangani. Mwishoni mwa muongo huo likafuata bwawa la Nyumba ya Mungu lenye megawati 8.

Azimio la Arusha la Februari 1967 liliuweka umeme katika orodha ya njia kuu za uchumi zinazopaswa kumilikiwa na umma. Hilo wengi wanalikumbuka. Kinachosahaulika ni kwamba Azimio hilo hilo lilitaja taa za umeme za mijini, pamoja na barabara za lami na hoteli, kama mfano wa vitu vinavyojengwa kwa mikopo ya nje ambayo hatimaye hulipwa na mkulima kwa pamba na kahawa yake. Mwalimu aliiona hesabu hiyo mapema, na aliiandika bila kuficha.

Miaka michache baadaye Serikali yake ilianza kujenga Kidatu, katika mto Ruaha Mkuu, kwa mikopo ya Benki ya Dunia na Sweden. Ni rahisi kumcheka kwa hilo, lakini tarehe zinamtetea. Mwaka 1973 bei ya mafuta duniani ilipaa, na nchi zilizotegemea dizeli zikaanza kuuza mazao mengi zaidi kununua pipa lile lile. Awamu ya kwanza ya Kidatu, megawati 100, ilikamilika mwaka 1975, na ya pili ikaifikisha 204 mwaka 1980. Bwawa la Mtera lilijengwa juu yake ili kutunza maji ya kiangazi, na baadaye likawekewa mitambo yake ya megawati 80. Makaa ya mawe ya Ludewa na Mbinga yalijulikana tangu enzi za ukoloni, lakini yalibaki ardhini. Mgodi wa Kiwira, uliojengwa kwa msaada wa China na kufunguliwa mwaka 1988, ulikuwa na mtambo wa megawati 6 tu. Tanzania ya Nyerere ilichagua maji.

Umeme wa Kidatu ulisafirishwa kupitia Morogoro hadi Ubungo. Ulilisha viwanda vya nguo na maofisi, na kupitia kebo ya Ras Kiromoni ukaipunguzia Unguja mzigo wa dizeli. Njiani ulipita juu ya vijiji visivyo na hata taa moja. Wakati huo huo, katika miaka ya 1970, mamilioni ya wakulima walikuwa wakihamishiwa vijiji vya ujamaa, na moja ya hoja ilikuwa kwamba wakikaa pamoja ni rahisi kuwapelekea huduma. Zilipelekwa shule, zahanati na maji. Umeme ulisubiri. Tofauti na Bodi ya Uskoti, TANESCO haikupewa mfuko wala sheria ya kuilazimisha kuteremsha nyaya kwa mkulima.

Jiko nalo lilisahaulika. Ruzuku iliingia kwenye bwawa na mtambo, haikuingia kwenye nyumba. Familia iliyohamia Dar es Salaam ilitakiwa kulipia nguzo, mita, utandazaji wa nyaya na jiko lenyewe kwa mkupuo, ilhali mkaa ulinunuliwa kidogo kidogo kulingana na pato la siku. Kwa mwenye kipato cha kibarua, mkaa ulishinda hata pale uniti ya umeme ilipokuwa rahisi. Serikali ilijaribu njia nyingine: kituo cha CAMARTEC kilichoanzishwa Arusha mwaka 1981 kilisambaza mitambo ya gesi ya samadi. Iliwafaa wafugaji wa ng'ombe wa ndani, wenye samadi na maji karibu. Mpangaji wa chumba kimoja hana ng'ombe.

Kosa la pili lilikuwa huko huko mtoni. Katika miaka ya 1970 Serikali ilijenga pia shamba kubwa la mpunga la Mbarali, kwa msaada wa China, katika bonde la Usangu, juu ya mabwawa yake yenyewe. Mpunga ulilipa, na wakulima wadogo na miradi mingine wakafuata. Kuanzia mwaka 1993 Ruaha Mkuu ulianza kukauka kabisa katika baadhi ya maeneo wakati wa kiangazi. Wizara moja ilihesabu maji kama gunia la mchele, nyingine kama megawati, na hakuna aliyeyawekea bei moja. Ni udhaifu wa mipango, si wa mkulima wa Usangu, ingawa kila Mtera ilipopungua lawama zilimwangukia yeye na mfugaji.

Mwalimu aliondoka Ikulu mwaka 1985, akaendelea kuongoza chama hadi 1990, akarudi Butiama kulima. Aliishi kuona mgawo wa umeme wa miaka ya 1990, na mwaka 1995 mkataba wa IPTL uliorudisha nchi kwenye mafuta ambayo Kidatu ilijengwa ili kuyakwepa. Alifariki dunia London, Oktoba 14, 1999.

Jiji aliloliacha liliendelea kuugeukia mkaa. Kati ya mwaka 2001 na 2007, kaya za Dar es Salaam zinazotumia mkaa zilipanda kutoka asilimia 47 hadi 71, kwa takwimu za Benki ya Dunia.

Wajibu uliokosekana wakati wa Kidatu ulikuja na Sheria ya Nishati Vijijini ya mwaka 2005, iliyounda Wakala wa Nishati Vijijini, REA, na mfuko wake. Tozo ya asilimia 3 katika ununuzi wa LUKU ikawa mchango wa mteja wa mjini kwa nguzo za kijijini, hesabu ile ile ya Uskoti. Mwaka 2009 nchi ikaweka pia mikataba na bei za kawaida za kununua umeme wa wazalishaji wadogo, jambo ambalo Ujerumani, nchi ya makaa ya mawe, ilianza kulifanya kwa sheria iliyotumika kuanzia 1991. Nguzo zilikimbia. Ada ya kuunganishwa kijijini iliwekwa Sh27,000. Mjini, kuanzia Januari 2022, ilirudishwa Sh320,960 kwa aliye karibu na nguzo, na mpangaji wa uswahilini akabaki na mkaa wake.

Bwawa la Rufiji, ambalo Serikali ya Mwalimu ililiundia mamlaka ya RUBADA mwaka 1975 bila kupata fedha za kulijenga, lilianza kujengwa mwaka 2019 kwa fedha za Serikali na kupewa jina lake. Lina uwezo wa megawati 2,115, mara kumi ya Kidatu. Mtambo wa kwanza uliingia kwenye gridi mapema mwaka 2024. Mei mwaka huo Serikali ilizindua mkakati wa kufikisha nishati safi ya kupikia kwa asilimia 80 ya Watanzania ifikapo 2034. Miezi miwili kabla yake, ilikuwa imetangaza kuzima vituo vitano vya umeme wa maji, kwa sababu umeme uliokuwapo ulizidi mahitaji.