Dorothea Dix, mwalimu aliyedai serikali ilipie matunzo ya wagonjwa wa akili

Dorothea Dix hakusomea udaktari. Alikuwa mwalimu wa shule, lakini ndiye aliyesukuma majimbo mengi ya Marekani kutoa pesa za umma kwa ajili ya wagonjwa wa akili wasio na uwezo. Katika karne ya 19 alisaidia kuanzisha au kupanua zaidi ya hospitali 30.

Alizaliwa tarehe 4 Aprili 1802 huko Hampden, Maine. Utoto wake ulikuwa mgumu, akapelekwa Boston kulelewa na mama mzazi wa baba yake. Akiwa bado msichana mdogo alikwisha kufungua shule.

Mwezi Machi 1841 alikwenda kufundisha Biblia kwa wanawake waliofungwa katika gereza la East Cambridge, karibu na Boston. Humo alikuta wagonjwa wa akili wamechanganywa na wahalifu, ndani ya vyumba visivyo na moto wakati wa baridi kali. Alipouliza, alijibiwa kwamba wenda wazimu hawasikii baridi. Alifikisha jambo hilo mahakamani hadi vyumba vikawekewa moto.

Baada ya hapo alizunguka jimbo lote la Massachusetts, akitembelea magereza na nyumba za maskini. Aliona watu waliofungwa minyororo, waliokosa nguo, wengine wamefungiwa ndani ya vizimba. Chanzo kimoja kilikuwa pesa. Kila muji ulibeba mzigo wa maskini wake, na mara nyingine mgonjwa alikabidhiwa kwa yule aliyekubali kumtunza kwa malipo ya chini kabisa. Aliyepunguza chakula na nguo ndiye aliyebaki na faida.

Kunako Januari 1843, ripoti yake ilifika mbele ya bunge la jimbo. Wakati huo wanawake hawakuwa na haki ya kupiga kura, kwa hiyo mbunge Samuel Gridley Howe ndiye aliyeiwasilisha. Baadhi ya viongozi wa miji walikanusha, lakini wabunge walipitisha pesa za kupanua hospitali ya Worcester. Dix akaendelea katika majimbo mengine. Huko New Jersey, hospitali ya Trenton ilifunguliwa mwaka 1848.

Majimbo mengine yalisema bajeti haitoshi. Dix akageukia serikali kuu. Aliomba itoe ardhi ya umma, zaidi ya ekari milioni 12, iuzwe, na faida itumike kutunza wagonjwa wa akili, vipofu na viziwi. Alifuatilia wabunge mjini Washington kwa miaka kadhaa, na mwaka 1854 mabaraza yote mawili yalikubali. Lakini tarehe 3 Mei 1854, Rais Franklin Pierce alikataa kutia sahihi. Kwake yeye, katiba haikuipa serikali kuu kazi ya kusaidia maskini. Hiyo ilikuwa kazi ya majimbo.

Akiwa amevunjika moyo, Dix alisafiri Ulaya. Huko Scotland alikuta hali ileile, akawaendea wakubwa wa serikali mjini London. Tume ya uchunguzi iliundwa, na sheria mpya ikapitishwa mwaka 1857. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipoanza Marekani, mwaka 1861, aliwekwa kuwa mkuu wa wauguzi wanawake wa jeshi la Kaskazini.

Katika uzee wake, hospitali nyingi alizozipigania zilikuwa zimejaa kupita kiasi, kwani idadi ya wagonjwa ilikua mbio kuliko pesa. Mwaka 1881 alirudi Trenton, ambako alipewa makao ndani ya hospitali ile aliyoiombea. Alifariki humo tarehe 17 Julai 1887.

Ilibidi kungoja hadi mwaka 1946, miaka 92 baada ya Pierce kukataa, ndipo Marekani ikapata sheria ya taifa ya afya ya akili, na serikali kuu ikaanza kusaidia majimbo kwa pesa.